Tanga: ulevi wa vyuoni umeacha kunuka

Zamani mlezi wa hosteli hapa Tanga alihitaji pua na macho tu. Bangi ilinuka hadi koridoni, na mla mirungi alijulikana kwa shavu lililotuna na vijiti vilivyozagaa chini ya kitanda. Sasa yameongezeka ya kulewesha yasiyonuka wala kuacha takataka: tramado, vidonge vya maumivu makali, iliyonunuliwa bila cheti cha daktari, dawa ya kikohozi yenye kodeini, hata biskuti zenye bangi, za aina ile ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imewahi kuikamata Dar es Salaam.

Ya kale hayajaondoka. Mirungi ni zao halali kwa Wakenya. Ikitoka Lungalunga kwao ikaingia Horohoro, upande wetu wa mpaka, inageuka kosa la jinai. Mwanachuo anaitafuna ili akeshe na madesa, yaani nukuu za masomo, maana anaogopa sapu, mtihani wa marudio, na zaidi ya sapu anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Kumwita mtu huyo mpenda anasa ni kumkosea. Wengine, bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, likitoka, wanatafuta starehe tu, na hao nao wapo.

Mjadala ni kama mwanafunzi anayetumia afukuzwe au atibiwe. Wanaotaka ukali wana hoja nzito, na Pwani hii ndiyo shahidi wao. Heroini iliingia nchini miaka ya 1980, na familia za mitaa yetu ya Ngamiani na Makorora hazihitaji kuhadithiwa unga unavyomaliza mtoto. Wanakumbusha pia kwamba chumba cha hosteli kina watu wanne, na yule asiyevuta ana mzazi aliyeuza shamba amlipie ada. Tena marufuku huweza kufanya kazi: viroba vilipozuiwa Machi 2017, vifuko vile vya pombe vilitoweka kwenye maduka ya mitaani.

Ila viroba vilikuwa vikining'inia dukani, mbele ya macho ya kila mtu. Tramado nayo ina kaunta yake, ya duka la dawa lenye leseni, na hapo ndipo ningependa kuona ukali huo ukielekezwa. Badala yake tunaupeleka kwenye kitanda cha mwanafunzi, kwa msako wa usiku na barua ya kumfukuza.

Barua hiyo ina gharama ambayo watetezi wake hawaisemi. Tramado ni ya jamii moja na heroini. Ikizidi kipimo huleta degedege na kudhoofisha pumzi, na ikikutana na pombe hatari inaongezeka. Kijana akianguka usiku, wenzake ndio pekee wanaojua alichomeza. Wakijua kwamba kumwita mlezi ni kumfukuzisha mwenzao, pengine na wao wenyewe, watafunga mlango na kumnywesha maziwa. Hospitali ya Bombo iko safari fupi ya bajaji, na dakika zinapotea.

Upande wa pili nao una udhaifu wake. Wanaosema “atibiwe” wanazungumza kana kwamba tiba inamsubiri mlangoni. Tiba ya methadoni iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 imeshafika Bombo, na ni hatua kubwa, lakini ni ya walionaswa na heroini na jamii yake. Mla mirungi au mvuta bangi haimfai. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye wiki baada ya wiki. Vyuoni mtu huyo mara nyingi ni mshauri wa wanafunzi, ambaye huyo huyo huhusika na kesi za nidhamu. Nani atamfungulia moyo anayeweza kumshitaki kesho?

Mimi naegemea upande wa tiba, kwa sharti moja: anayeuza asihurumiwe, hata kama naye ni mwanafunzi mwenye alama nzuri. Anayetumia, kwa mara ya kwanza, apelekwe kwa mshauri asiye na kiti kwenye kamati ya nidhamu. Na kanuni za chuo ziandike wazi kwamba anayeomba msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa hataadhibiwa kwa alichokitumia yeye usiku huo, wala aliyezidiwa hatafukuzwa kwa sababu aliokolewa. Wakali watasema huo ni mwanya, na ni kweli wapo watakaoutumia vibaya. Bado nauchagua. Kifungu hicho hakihitaji bajeti, na kinaweza kusomwa kwa wanafunzi wapya wiki ya kwanza kabisa, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayepokea saa nane za usiku.