Dakika sita kando ya Dinkinesh

Novemba 1, 2023, chombo cha NASA kiitwacho Lucy kilipita kando ya Dinkinesh, asteroidi, yaani jiwe linalolizunguka jua, umbali wa kilomita 430 hivi, kikienda kilomita 4.5 kila sekunde. Asteroidi yenyewe haifiki kilomita moja kwa upana. Picha za mwanzo zikaonyesha kwamba ina mwezi wake mdogo. Furaha tele. Kisha ikaja picha iliyopigwa dakika sita baadaye: kumbe mwezi ule ni mapande mawili yaliyoegemeana, moja lilikuwa limejificha nyuma ya mwenzake. Ukapewa jina Selam, neno la Kiamhari lenye maana ya amani, ndugu wa "salamu" yetu.

Anayezipinga safari za kupita tu, akitaka chombo kisimame na kukaa, hapo ndipo anapopata nguvu. Je, kama kamera ingezimwa mapema? Tungeandika habari za kijiwe kimoja na kuziamini. Na kamera huzimika kweli: mwaka 2008, chombo cha Ulaya, Rosetta, kilipokuwa kikipita asteroidi Steins, kamera yake ya kuvuta picha karibu ilijisitisha dakika chache kabla ya kufika karibu kabisa, na chombo kikishapita hakirudi. OSIRIS-REx, chombo kingine cha NASA, kwa upande wake ilikaa kwenye asteroidi Bennu zaidi ya miaka miwili, ikaleta gramu 121.6 za mawe na vumbi mwaka 2023. Mzigo huo utachunguzwa na watu ambao leo wako shule ya msingi.

Hoja nzito, lakini inasahau mafuta. Angani hakuna hewa ya kukupunguzia mwendo. Kusimama ni kuchoma mafuta, na kuondoka tena ni kuchoma mengine. Lucy inaelekea kwenye Trojani, asteroidi zinazolizunguka jua katika njia moja na Jupita, na imepangiwa kadhaa. Ingetakiwa kusimama kwa kila moja, isingeondoka duniani. Dinkinesh hata haikuwamo katika mpango wa awali. Iliongezwa Januari 2023 ili kujaribu mtambo wa kulenga kamera.

Tena kupita kuna bahati zake. Asteroidi ndogo hivyo haikivuti chombo kiasi cha kupimika, kwa hiyo uzito wake ungebaki kitendawili. Selam akawa mizani: kwa kuangalia anavyoizunguka Dinkinesh, kwa saa 52 na ushei, wataalamu walikadiria kuwa asteroidi hiyo ina msongamano wa mara 2.4 ya maji.

Mimi naunga mkono kupita, ila nisingemwamini mtu anayetangaza umbo la kitu kwa picha ya upande mmoja. Agosti 2027 Lucy inatarajiwa kufika Eurybates, ambayo tayari inajulikana kuwa na mwezi, Queta. Wengi watasubiri picha za kukaribia. Mimi nitasubiri za kuondokea.