Mtambo wa Sebuleni

Tangi langu la lita 120 lilikuwa limekaa sebuleni miaka mingi likiwa na samaki wa dhahabu, changarawe za buluu na maua ya plastiki ambayo mke wangu aliyaita, kwa haki kabisa, maua ya kaburini. Nilipoamua kuligeuza liwe tangi la mimea hai, niliwahamishia samaki kwenye ndoo pamoja na maji yao ya zamani na sifongo ya kichujio ikiwa imelowa vilevile, kwa sababu humo ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa naitraiti na hatimaye naitreti, na anayeisuuza sifongo hiyo kwa maji ya bomba yenye klorini huwaua. Chini nilitandaza udongo wa bustani uliochekechwa, nikaufunika kwa mchanga wa sentimita 3. Vallisneria niliipanda mchangani, na Anubias, ambayo shina lake likifukiwa huoza, nikaifunga jiweni kwa uzi. Samaki walianza kuing'oa Vallisneria jioni ileile, lakini hilo nililitarajia, wala si kisa chenyewe.

Kisa ni hewa ya ukaa. Mimea ya majini huihitaji kama ile ya shambani, na kwa kuwa mitungi yake ni ghali, wengi wetu huchanganya sukari na hamira katika chupa ya plastiki, kisha huipeleka gesi majini kwa mpira wa dripu ulionunuliwa duka la dawa. Kipimo changu ni vikombe 2 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha hamira katika chupa ya lita 2 isiyojazwa hadi shingoni. Kazi hiyo nilimkabidhi shemeji yangu, kijana asiyejua ubahili, ambaye alimimina pakiti nzima ya gramu 11, akajaza maji ya vuguvugu mpaka kifunikoni, akanihakikishia, "Shemeji, gesi hii haitakuangusha."

Haikuniangusha. Usiku povu lilipanda, likaingia mpirani na kumwagikia tangini, na kulipopambazuka maji yalikuwa meupe kama togwa, samaki wamejipanga juu wakitweta, na sebule nzima inanuka kilabu. Nilikuwa sijamaliza kufungua madirisha mlango ulipogongwa. Wakwe zangu walikuwa wamewasili kutoka Singida.

Baba mkwe ni polisi mstaafu ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake aliimalizia katika kuwavamia wapika gongo. Aliitikia shikamoo yangu huku pua yake imekwisha kutangulia sebuleni. Alisimama mbele ya tangi, begi likiwa bado mkononi, akaitazama chupa yenye mashapo ya hamira, akaufuata mpira kwa kidole mpaka ulipozama majini, na hapo nikaelewa alichokuwa akikiona, kwa maana mpika gongo naye hupitisha bomba lake katika maji baridi ili mvuke ugeuke kinywaji.

"Mkwe," alisema kwa ule upole ambao nadhani wengi waliusikia kabla ya pingu, "na samaki nao mnawanywesha?"

Nilimweleza habari za majani na hewa ya ukaa, maelezo ambayo hata masikioni mwangu yalisikika kama utetezi wa mtuhumiwa. Shemeji, kwa nia njema ya kuniokoa, alidakia kwamba aliyepika ni yeye. Mzee aliinama, akanusa mdomo wa chupa, akatafuta jiko chini ya meza asilione, ndipo uso ukamlegea.

"Hapa hakuna moto," alitamka, "na bila moto hakuna gongo. Hii ni pombe tu, tena ya ovyo. Sukari ni kidogo na hamira imezidi. Ukinywa hii, kichwa kitakugonga mpaka kesho jioni."

Mama mkwe, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ameketi kimya akipepea ushungi wake, aligeuka taratibu.

"Na hilo la kichwa kugonga mpaka kesho jioni, baba, nalo lilikuwa likiandikwa kwenye jalada la kesi?"

Mzee alivua koti, akaniuliza ndoo ziko wapi, akaanza mwenyewe kuchota nusu ya maji ya tangi, akisema kwamba samaki wale hali yao ilikuwa mbaya mno na hapakuwa na muda wa maneno.