Kongo, Botswana na wahitimu 22

Kila ikifika sherehe ya uhuru swali hurudi: miaka sitini na ushee, mpaka lini tutamlaumu mkoloni? Ni swali la haki. Uwanja wa ndege wa Gbadolite huko Kongo, uliotengenezwa uweze kupokea Concorde, ndege ya abiria ya kasi kuliko sauti, haukujengwa na Mbelgiji. Rais Mobutu ndiye aliyeujenga, na ndiye aliyenyang'anya biashara za wageni mwaka 1973 akawagawia wapambe wake, nyingi zikafia mikononi mwao. Hapo sina utetezi.

Wanaomlaumu mkoloni hujibu kwa takwimu moja: Juni 30, 1960 Kongo ilijitawala ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30. Nami nimeitumia sana, mpaka nikakutana na Botswana. Mwaka 1966 ilianza na wahitimu 22 na kilomita 12 za lami, na haikusambaratika. Takwimu tamu ikanigeuka.

Ila ilinigeuka nusu. Tatizo la Kongo halikuwa uchache wa wasomi peke yake. Mali ilikuwa na mwenyewe kabla bendera haijapanda. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya kuchimba shaba, ilikuwa katika jimbo la Katanga tangu 1906, na katika jeshi la kikoloni la Force Publique hapakuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Julai 5, mkuu wa jeshi hilo, Jenerali Janssens wa Ubelgiji, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru (angalau hakuficha). Wakaasi. Tarehe 11 Katanga ikajitenga, na kodi za Union Minière zikaenda huko badala ya mji mkuu, Léopoldville (sasa Kinshasa). Serikali ya waziri mkuu wa kwanza, Lumumba, haikuwa imetimiza hata wiki tatu; yeye mwenyewe aliuawa Januari 17, 1961.

Kule Botswana, almasi ya Orapa iligunduliwa 1967, Mwingereza ameshaondoka. Kwake ile ilikuwa nchi ya kupita tu, hakuona cha kukamua. Kwa hiyo rais wa kwanza, Seretse Khama, aliongea na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, kama mwenye nyumba, na 1975 serikali ikafikisha nusu ya hisa. Angeweza kula, hakula. Sifa hiyo ni yake. Lakini meza aliikuta tupu, hakumkuta mtu ameshakaa.

Mkaidi ataniuliza: mwaka huohuo wa 1967 si Mobutu aliitaifisha Union Minière? Aliitaifisha. Mgodi ukawa wa Kongo kwa jina, huku kazi ya kuuza shaba ikibaki kwa kampuni ya Kibelgiji ya ukoo uleule. Na kilichobaki nyumbani kilipitia dola iliyojengwa tangu enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji kutoa mali ndani na kuipeleka pwani. Mobutu hakuibomoa. Alikalia kiti kilekile, akakipenda.