Uchafu wa vyoo vya stendi: lawama ni za nani?

Katika stendi nyingi za mabasi nchini Tanzania, abiria hutoa shilingi 200, 300 au 500 mlangoni, akaingia chooni, kisha akatoka ameziba pua. Mhudumu hulalamika kwamba watu hawana ustaarabu, na abiria hujibu kwamba amelipa, hivyo usafi si kazi yake.

Malalamiko ya mhudumu yana msingi, ingawa ni wachache wanaomsikiliza. Anayejisaidia pembeni ya tundu na kuondoka bila kumwaga hata kopo moja, ilhali pipa la maji limejaa karibu yake, hana utetezi wowote. Kauli ya kwamba "nimelipa, watasafisha" haimwondolei wajibu huo, kwa sababu anayeingia baada yake si mhudumu bali abiria mwenzake, pengine mama mwenye mtoto mgongoni. Vilevile, taulo ya kike au nepi ikitupwa tundu la choo hailainiki kama karatasi ya chooni. Imetengenezwa ili inyonye maji na kuvimba, kwa hiyo hukwama kwenye kona ya bomba, na kuanzia hapo kila anayemwaga maji huyaona yakirudi sakafuni.

Lakini hapo hapo ndipo upande wa pili unapoanza kuonekana. Ukutani pameandikwa "Usitupe pedi chooni", na ndani hakuna ndoo yenye mfuniko ya kuitupia. Mwanamke aliyesafiri tangu alfajiri anatakiwa atoke nayo mkononi mbele ya foleni ya watu. Sioni haki ya kumwita mchafu mtu aliyekatazwa jambo bila kupewa njia nyingine.

Choo cha kukaa nacho kina mkasa kama huo. Wanaopanda juu yake kwa viatu hulaumiwa sana, na kweli hukiharibu, ila wengi wao wanakwepa kuketi mahali palipolowa. Wakishuka wameacha matope, na anayefuata hana budi kupanda pia. Kwa stendi yenye watu wengi, choo cha kuchuchumaa kinafaa zaidi: mwili haugusi kitu, kinasafishika kwa ndoo moja ya maji, na kinawafaa wanaojisafisha kwa maji. Hata hivyo, wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu wanahitaji angalau choo kimoja cha kukaa chenye vyuma vya kushikilia, na hicho kilindwe kwa ajili yao.

Kwa maoni yangu, kiini cha tatizo kipo katika mpangilio wa kazi. Mabasi mawili yakiingia kwa pamoja, abiria wote hukimbilia chooni ndani ya dakika chache, na mhudumu yule yule anayepokea fedha na kutafuta chenji ndiye anayetarajiwa kupiga deki. Haiwezekani. Pale ambapo choo kimekodishwa kwa mzabuni anayelipa kiasi maalumu kila mwezi, sabuni, maji ya boza na mshahara wa mhudumu wa pili vyote hutoka kwenye faida yake, na hakuna anayembana akivipunguza.

Wapo wanaotaka huduma hii iwe ya bure, na hoja yao si nyepesi. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu, na Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, katika ibara ya 43, inataja haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Tena ada humwelemea zaidi mwanamke, kwani mwanamume asiye na sarafu hujificha nyuma ya ukuta. Hata hivyo, choo cha bure kisicho na msimamizi huharibika upesi. Jijini Nairobi, mradi wa Iko Toilet, ulioasisiwa na msanifu majengo David Kuria, ulitoza ada ndogo na kuweka wang'arisha viatu papo hapo, na uwepo wa watu wanaofanya kazi mahali hapo muda wote ulisaidia kulinda usafi.

Ningependelea ada ibaki, watoto wasilipe, na halmashauri ziandike katika mikataba mambo yanayokagulika: maji yasiyokatika, sabuni mlangoni, ndoo yenye mfuniko katika kila choo cha wanawake, na mfanya usafi asiyehusika na kupokea fedha. Mzabuni akishindwa kuyatimiza, mkataba uvunjwe. Akiyatimiza na bado mtu akachafua, mhudumu awe na mamlaka ya kumrudisha akamwage maji.