Paulo kwenye matawi: programu za kuchanganua Biblia zinatufaa wapi?

Aliyepita kidato cha tatu nchini anaikumbuka mada ya uchanganuzi wa sentensi: S (sentensi) juu, chini yake KN na KT (kundi nomino na kundi tenzi), matawi yakishuka mpaka neno la mwisho. Wengi wetu tuliisoma ili tufaulu mtihani, tukaiacha palepale darasani. Sasa kazi ileile inarudi kwa mlango mwingine. Wapo wachungaji vijana na wanafunzi wa theolojia huku Mbeya na Iringa ambao hawaandai somo bila kufungua laptopu, kukikata kifungu cha Paulo vipandevipande na kuvichorea mistari ya uhusiano. Wapo pia wazee wa kanisa wanaowatazama na kuuliza kama Roho Mtakatifu naye anahitaji umeme.

Programu zenyewe ni za namna mbili, na ugomvi mwingi unatokana na kuzichanganya. Namna ya kwanza inachora sentensi neno kwa neno: kiima na kitenzi juu ya mstari mnyoofu, maneno mengine yananing'inia chini yake. Mtindo huo ulienezwa na Wamarekani wawili, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, mwaka 1877, kwa ajili ya kufundisha Kiingereza shuleni, na leo umo ndani ya programu kubwa kama Logos. Namna ya pili haihangaiki na neno mojamoja. Inakata kifungu kuwa vishazi, yaani vipande vyenye kitenzi chake, inaviunganisha kwa matao, na kila tao unaliandikia uhusiano wake: sababu, hitimisho, kusudi, matokeo, sharti, ufafanuzi. Hii ya matao ilitoka kwa Daniel Fuller, aliyefundisha katika seminari ya Fuller huko California. Mwanafunzi wake John Piper akaisambaza, na siku hizi ina makao yake kwenye tovuti ya Biblearc.

Mimi naitetea hii ya pili, tena kwa masharti. Ya kwanza naiachia darasa la Kigiriki.

Tuione ikifanya kazi. Wafilipi 2:12 katika Biblia ya Union inaishia hivi: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka." Mahubiri mengi hukomea hapo, na kutoka hapo ni mwendo wa kuagiza tu: fungeni, ombeni, toeni, acheni pombe. Mstari wa 13 unaendelea: "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu, kwa kulitimiza kusudi lake jema." Mbele ya matao huwezi kuupita huo mstari kimyakimya, kwa sababu kishazi kisichounganishwa kinabaki kinaelea kwenye kioo na kazi inaonekana haijaisha. Unalazimika kusema hiki ni nini kwa kile. Ukishaandika "sababu", hubiri lako lote limegeuka: Wafilipi wanahangaikia wokovu wao kwa kuwa Mungu ameshaanza kazi ndani yao. Hawamhangaikii ili aanze.

Kisha kuna lile "Basi" linaloufungua mstari wa 12. Nalo linadai kuunganishwa na kitu, na kilichopo nyuma yake ni ule wimbo wa Kristo aliyejinyenyekeza, "akawa mtii hata mauti". Mstari wa 8 unazungumzia utii wake, na wa 12 una "kama vile mlivyotii". Nani aliwahi kuhubiriwa hayo mawili kwa pamoja? Kwenye kalenda ya kanisa wimbo huo una Jumapili yake na kutetemeka kuna semina yake.

Hapo ndipo nguvu ya chombo hiki ilipo, na huku kwetu inahitajika. Nyanda za Juu Kusini hatuna uhaba wa wahubiri. Kuanzia Mwanjelwa ya Mbeya hadi Ipogolo ya Iringa vipaza sauti vinapokezana, na mtindo uliotawala ni wa kuchukua mstari mmoja, kuurudia mara nyingi, na kuujaza maisha ya msikilizaji. Wafilipi 4:13 inasafiri kwenye vioo vya Coaster: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Abiria anaisoma kama ahadi ya mafanikio, na mwenye gari pengine kama ahadi ya gari la pili. Mstari wa nyuma yake unasema Paulo amefundishwa "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa". Ukivifunga viwili hivyo kwa tao moja, "mambo yote" yanakuwa ni pamoja na kulala njaa. Hakuna atakayekibandika kifungu chote kwenye kioo cha gari, lakini mhubiri angalau akijue.

Sasa upande wa pili. Ile hoja kwamba teknolojia isiingie kwenye Neno sitaitolea jasho. Namba za mistari zenyewe ziliingizwa katika Agano Jipya na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551, na ndizo zilizotuzoeza kuichukua Biblia kwa vipande. Zipo hoja nzito kuliko hiyo.

Ya kwanza ni kwamba unachora nini hasa? Warumi 1:16 ya Union inaanza, "Kwa maana siionei haya Injili", ndani yake mna "kwa sababu ni uweza wa Mungu", wa 17 unaanza tena "Kwa maana", na wa 18 vilevile. Ni mnyororo: Paulo yuko tayari kuhubiri Rumi, kwa sababu haoni haya, kwa sababu Injili ni uweza, kwa sababu haki ya Mungu inadhihirishwa ndani yake. Fungua tafsiri ya Habari Njema uone: "Sioni aibu kutangaza Habari Njema." Kiunganishi cha mwanzo hakipo. Watafsiri hawakukosea, maana Kiswahili cha kawaida kinaweza kupanga sentensi mbili bega kwa bega na msikilizaji akaelewa kwamba ya pili ndiyo sababu ya ya kwanza. Lakini mwanafunzi anayechora kutoka tafsiri hiyo anachora uamuzi wa watafsiri, huku akiamini anamchora Paulo. Tena kati ya mstari wa 17 na wa 18 Biblia nyingi hutia kichwa cha habari, na mnyororo unakatika machoni kabla hujaanza kusoma.

Mambo yanakuwa mazito zaidi kwenye Waefeso 1:3–14, ambayo kwa Kigiriki ni sentensi moja ndefu isiyotaka kuisha, nasi kwa Kiswahili hatuna budi kuikata. Mchoro wa Kiswahili wa kifungu hicho ni mchoro wa Kiswahili. Ni halali, ila usiuite wa Paulo.

Hapa kuna jambo ambalo watengenezaji wa programu hawakulifikiria, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kuiacha ile namna ya 1877. Kitenzi chetu kimebeba sentensi nzima tumboni. Chukua "mkiwabatiza" katika Mathayo 28:19: mtenda yumo, mtendwa yumo, na ile -ki- inakuambia kwamba kubatiza kunaandamana na kuwafanya mataifa kuwa wanafunzi, si agizo linalosimama peke yake. Mstari wa Reed na Kellogg unataka kiima huku na yambwa kule, kila kimoja na nafasi yake. Sisi tunabaki na nafasi tupu na neno moja lililojaa. Ukipanda ngazi ya kishazi shida hiyo inaisha, na Kiswahili kinafanya vizuri sana: -ki- ya sharti au ya kuambatana, -ka- ya mfululizo, ili, hata, ijapokuwa. Mtu aliyelelewa na lugha hii hahitaji orodha ya Kiingereza ili ajue "mkawafanye" inafuata "enendeni".

Hoja ya pili inanisumbua kuliko ya kwanza. Kusoma Biblia huku kwetu kwa sehemu kubwa hufanyika kwa masikio, na kwa pamoja. Kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, kisha mama aliyetoka shamba anasema "hapa mimi naona hivi", na vijijini Rungwe mazungumzo yanateleza kuingia Kinyakyusa kabla hata ya sala ya kufunga. Weka projekta katikati yao. Nimeliona hili kwenye semina ya walimu wa shule ya Jumapili: matao yamepangwa ukutani kwa rangi nne, Warumi 1:18 imeandikiwa "sababu", na chumba kizima kikanyamaza kunakili. Wasomi wenyewe bado wanabishana kama "kwa maana" ya mstari ule inathibitisha wa 17 au inafungua hoja mpya ndefu. Ubishi ule ulikuwa na haki ya kuingia chumbani, lakini rangi ziliufungia mlango nje. Mtu anaweza kumpinga mwalimu, lakini kupinga mchoro ambao hujui kuuchora ni kazi nyingine.

Ya tatu nitaipitia haraka. Matao yalizaliwa kwa ajili ya nyaraka, yaani barua za mitume, na nje ya nyaraka yanachechemea. Ukimkata Ruthu kuwa sababu na matokeo unabaki na mifupa. Zaburi ya 23 haijengi hoja, inakutembeza.

Kuna pingamizi lingine la kienyeji kabisa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao duniani limekuwa likitoa kitabu cha neno la kila siku tangu 1731, ambamo mstari wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura. Vizazi vimeamka na mstari mmoja usio na jirani, wakafarijika, wakazikana nao. Je, wote hao walisoma vibaya? Siwezi kusema hivyo. Mstari wa asubuhi unashikwa mkononi siku nzima, na hakuna anayeugeuza kuwa fundisho la kanisa. Mhubiri anayesimama mbele ya watu na kuwaambia "Paulo anasema" amejitwika mzigo mwingine, na hawezi kujificha nyuma ya desturi hiyo.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba matao yabaki kwenye maandalizi ya katikati ya wiki, Jumapili yasionekane. La pili ni kwamba uanze na Union hata kama utahubiri kwa Habari Njema, kwa kuwa Union imehifadhi viungo vingi zaidi. La tatu ndilo litakalogomewa: programu isikuchoree. Siku hizi ukiipa akili mnemba Warumi 1 inakurudishia vishazi vimeshapangwa na lebo zake, kwa sekunde chache. Mwinjilisti wa Ileje mwenye mtaa, shamba la mahindi na mazishi mawili kwa wiki atauliza kwa haki kwa nini asiuchukue. Namwelewa. Lakini faida yote niliyoieleza kwenye Wafilipi ilitoka kwenye ule muda wa kukwama, ukijiuliza hiki ni nini kwa kile. Mchoro uliokuja tayari umekuruka huo muda, na ukiulizwa swali kanisani huna pa kurudi.

Huyo mwinjilisti hana haja ya kulipa dola kwa kadi. Daftari linatosha: kila kishazi mstari wake, kilicho tegemezi kisogezwe kulia, na ukingoni aandike uhusiano kwa kalamu ya risasi. Ningemwanzishia Filemoni, mistari 25 tu, kisha aipeleke jumuiyani akiwa na daftari na swali moja. Paulo anaandika habari za Onesimo, mtumwa wa Filemoni: "Maana labda ndiyo sababu alitengwa nawe kwa muda, ili uwe naye tena milele." Sababu ipo, kusudi lipo, na juu ya vyote ameweka "labda". Awaulize wenzake hiyo waiandike vipi ukingoni, na awaache wabishane kabla hajawaonyesha ya kwake.