Helikopta ya kivita katika hewa nyepesi ya Goma

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, mimi na rafiki zangu wawili tumekuwa tukitengeneza hapa Goma, jioni kwa jioni na kadiri umeme unavyoturuhusu, mchezo wa kompyuta wa kurusha helikopta ya kivita. Kazi hiyo imenifikisha kwenye msimamo ambao wenzangu hawakuupokea kwa urahisi: silaha ni sehemu ya mwisho ya kushughulikiwa, na mchezo unaotanguliza roketi na mizinga haustahili kuitwa wa uhalisia hata picha zake zikivutia kiasi gani.

Kazi ianze na hewa. Helikopta husimama angani kwa sababu mapanga ya rota, ile feni kubwa inayozunguka juu yake, yanaisukuma hewa chini, na hewa hiyo ina uzito unaobadilika kwa mahali na kwa saa. Ufukweni mwa bahari, kwenye nyuzijoto 15, mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa kilo 1.225 hivi. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, siku ya nyuzijoto 25, hewa ya ujazo huohuo haifiki kilo moja. Tunapungukiwa na karibu sehemu moja ya tano, na kwa kuwa injini za turbini zinaivuta hewa hiyohiyo nyepesi, nguvu yake inapungua wakati uleule ambapo rota inahitaji nguvu zaidi. Anayeandika namba moja ya uzito wa hewa na kuitumia kwa ramani nzima amekwisha kukosea kabla helikopta haijainuka.

Mi-24 ya Kirusi, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969 na ambayo jeshi la nchi yetu nalo limeitumia, inafundisha jambo hilo vizuri. Mabawa yake mafupi, ambayo wengi hudhani kazi yake ni kutundikia roketi tu, hubeba karibu robo ya uzito wake inapokwenda kasi. Lakini inaposimama hewani hayasaidii kitu, bali yanauzuia upepo wa rota unaoshuka. Ndiyo maana ikiwa na mzigo mkubwa mahali pa juu, rubani huikimbiza kwanza ardhini kama ndege ya kawaida, akingoja mwendo uipatie rota hewa mpya. Mchezaji akiweza kuisimamisha hewani ikiwa imejaa mafuta na roketi, juu ya kilele cha volkano ya Nyiragongo chenye mita 3,470, mchezo umemdanganya.

Jambo lililotuchukua miezi mingi ni lile la helikopta kuzama katika upepo wake yenyewe. Rubani akishuka wima kwa haraka huku mwendo wa mbele ukiwa mdogo, hewa aliyoisukuma chini huzunguka pembeni na kurudi juu ya rota, na helikopta huanza kutikisika na kuporomoka. Mkono wa kushoto wa kila mwanadamu, ndio unaoshika wenzo wa kuinulia helikopta, utataka kuvuta nguvu zaidi, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyoizamisha. Dawa yake ni kuinamisha pua na kutoka mbele kwenye hewa safi, ikiwa bado ana nafasi chini yake. Mwanzoni tuliichukulia rota kama sahani moja inayosukuma hewa, na hali hiyo haikutokea kamwe. Tulipoligawa kila panga katika vipande kumi, kila kipande kikihesabiwa mwendo wake na pembe yake, na kuongeza hesabu ya hewa inayorudi, helikopta yetu ilianguka usiku huohuo. Nilifurahi sana. Hesabu hiyohiyo ilituonyesha kwa nini kasi ina ukomo: panga linalorudi nyuma hukutana na upepo mdogo kuliko linalokwenda mbele, na kasi ikizidi, upande huo huacha kubeba.

Milima haikutusumbua sana, kwa sababu vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani mnamo Februari 2000 hupatikana bure, na vinatosha kuyachora mabonde ya Rutshuru kwa namna ambayo mwenyeji anayatambua.

Na mwenyeji ndiye aliyetuonyesha kosa kubwa. Mama yangu mkubwa, aliyezaliwa na kulima huko Rutshuru hadi vita vilipomhamisha, aliketi nyuma yangu nilipokuwa nikijaribu safari ya jioni. Alitazama migomba, vilima na barabara, kisha akauliza: "Mutoto wangu, saa hii batu banapikaka. Moshi iko wapi?"

Nilikuwa nimechora nchi isiyo na watu. Anga hili si la kubuni: mwaka 2013 helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini, zikiwa chini ya Umoja wa Mataifa, ziliingia vitani kwa mara ya kwanza humuhumu Kivu ya Kaskazini, dhidi ya waasi wa M23. Chini ya kila helikopta ya aina hiyo kulikuwa na mashamba, na watu waliousikia mlio wake nyuma ya mlima kabla hawajaiona. Mchezo unaohesabu kila tone la mafuta, lakini unaoweka shabaha peke yake ndani ya msitu mtupu, umeondoa kazi ngumu kuliko zote za rubani na mpiga mzinga wake, yaani kutambua ni nani aliye pale chini, na wakati mwingine kuamua kurudi kituoni na roketi zote.

Kwa hiyo tumeweka watu. Wanatoka shambani, wanajificha wakisikia mlio, na kwenye kioo cha mpiga mzinga huwezi kumtofautisha kwa urahisi mtu aliyebeba jembe na aliyebeba bunduki. Moshi wa majiko nao sasa unapanda kila jioni kuanzia saa kumi na moja, ukielekea upepo unakokwenda, na rubani anayetaka kutua bondeni anautazama huo kwanza ili ajue pua aielekeze wapi.