Watazamaji wa Kwanza Wasigeuzwe Kuwa Waamuzi

Studio nyingi, kabla ya kuitoa filamu rasmi, huwakusanya watu wasioijua hadithi, zikawaonyesha, kisha zikawagawia kadi za kuandika maoni. Sina ugomvi na desturi hiyo. Mwongozaji aliyeishi na picha zake kwa miezi mingi hawezi tena kuziona kama mtu anayezikuta kwa mara ya kwanza, na akiketi nyuma ya ukumbi atayajua ambayo mhariri wake hawezi kumwambia: viti vinaanza kulia wakati gani, kichekesho kipi kimepita bila mtu kucheka, na ni wapi watu wawili wanainamiana kuulizana, "Huyu naye ni nani?"

Ninachokipinga ni kuwafanya watazamaji hao baraza la kuamua hadithi iishe vipi.

Mnamo Machi 1942 studio ya RKO ilionyesha The Magnificent Ambersons, filamu ya Orson Welles, mjini Pomona, California. Watu walikuwa wametoka tu kutazama filamu ya muziki na vichekesho, mara wakawekewa hadithi nzito, ya mwendo wa taratibu, ya familia inayoporomoka. Wakacheka pasipostahili, na kadi nyingi zikarudi na maneno makali. Onyesho lililofuata, la Pasadena, lilipokewa vizuri zaidi, lakini wakubwa wa studio walikwisha kuingiwa na hofu. Welles akiwa kazini Brazil, walikata zaidi ya dakika 40, wakapiga mwisho mwingine wenye faraja, na baadaye vipande vilivyokatwa vikaharibiwa. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hukumu ya usiku ule haina tena mahali pa kukatiwa rufaa. Blade Runner ya 1982 nayo iliongezewa sauti ya msimulizi na mwisho wa matumaini baada ya maonyesho ya namna hiyo. Yenyewe angalau ilipata toleo lisilo na nyongeza hizo mwaka 1992.

Kadi iulize mtazamaji alipotea wapi na alichoka lini, basi. Aliyechukizwa na mwisho wa huzuni taa zilipowashwa huenda ndiye atakayekuwa bado anauwaza baada ya mwezi, na kadi iliyojazwa mlangoni haiwezi kulipima hilo. Studio ikishikilia kukata, na ikate, mradi nakala ya mwongozaji ihifadhiwe nzima.